Mkanda Uliookotwa: Namna ya Kuipima Filamu ya Kutisha ya Mfuko Mdogo

Filamu ya mkanda uliookotwa hudai kwamba si filamu. Inasema watu fulani walikuwa wakirekodi, jambo likawapata, na sisi tunatazama kilichobaki ndani ya kamera yao. Ikiingia katika bunilizi ya kisayansi, jambo hilo huwa chombo kilichotua, jaribio lililoponyoka au mashine isiyokubali kuzimwa. Kijana wa hapa Kamina, kusini mwa Kongo, mwenye simu na marafiki watatu anaweza kuitengeneza. Kwa kuwa mlango uko wazi hivyo, mbovu ni nyingi, na mtazamaji makini anahitaji kipimo. Mimi nautendea mkanda kama shahidi: nauuliza maswali, kisha naangalia kama majibu yake yanashikana.

Kwa nini kamera haizimwi?

Mtu anayefukuzwa hutupa alichoshika. Filamu nzuri inajua hilo na ina jibu: simu ndiyo tochi pekee usiku umeme ulipokatika, au mpiga picha wa harusi hathubutu kuiacha kamera aliyoikodi. Mfano bora ni The McPherson Tape ya mwaka 1989, ambayo Dean Alioto aliitengeneza kwa dola 6,500 hivi. Familia inasherehekea siku ya kuzaliwa ya mtoto, umeme unakatika, na nje kuna wageni kutoka angani. Kamera ilikuja kwa ajili ya sherehe, maajabu yakaikuta pale. Nakala zake zilipozagaa, baadhi ya wafuatiliaji wa visahani vya angani waliamini ni tukio la kweli.

Uliza pia nani aliuokota mkanda na nani aliukata. Ukisikia muziki wa kutisha chini ya picha, yuko mtu aliyeuweka. Kama hadithi haina mtu huyo, kazi imeshapungua thamani.

Sayansi iwe moja, na iwe na makao

Kanuni moja ngeni inatosha. Kikitokea kiumbe, kisha virusi, kisha safari ya kurudi nyuma katika wakati, mwongozaji anakwepa kuifikiria kanuni yake ya kwanza mpaka mwisho. Na kanuni hiyo ipate ardhi ya kusimama. Sisi wa kusini mwa Kongo hatuna haja ya kuazima jangwa la Marekani. Mwaka 1977 kampuni ya Kijerumani OTRAG ilianza kurusha roketi kutoka nyanda za juu karibu na mto Luvua, kaskazini mwa Shaba, jina la Katanga wakati ule. Juni 1978 Rais Mobutu mwenyewe alikuwapo: roketi ilipanda kidogo, ikapinda, ikaanguka. Mwaka uliofuata mradi ukafungwa. Kijana anayedai ameokota mkanda wa filamu uliosahauliwa huko ana msingi ambao mtazamaji anaweza kuuthibitisha, na hofu humea vizuri juu ya ukweli.

Kamina yenyewe ina mali yake. Hapa ndipo reli inayotoka Lubumbashi inapogawanyika: njia moja inakwenda Kananga na Ilebo, nyingine Kabalo, kuelekea Kindu na Kalemie. Ipo pia kambi kubwa ya kijeshi waliyoijenga Wabelgiji baada ya Vita Kuu ya Pili, ambayo Umoja wa Mataifa uliitumia mwaka 1960. Filamu inaweza kuitaja kambi hiyo bila kuirekodi. Kwenda kupiga picha huko bila ruhusa ni kutafuta balaa, wala ubora hauongezeki.

Sikiliza kabla ya kutazama

Picha mbaya husamehewa, sauti mbaya haisamehewi. Fumba macho dakika tano. Simu ikiwa mfukoni, sauti iwe imezibwa na kitambaa. Upepo ukivuma, uigonge maikrofoni. Jenereta ya jirani ikizimika, ukimya wake usikike. The Blair Witch Project ya mwaka 1999 ilipigwa na waigizaji wenyewe kwa takriban siku nane, na mchawi wake haonekani hata mara moja. Kinachotisha ni sauti zilizo nje ya hema. Filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola milioni 240 duniani kote.

Uchakavu uwe na sababu

Januari 2022 Kane Parsons, Mmarekani wa miaka 16, alitoa The Backrooms, filamu fupi aliyoijenga kwa programu ya bure ya Blender. Aliipa sura ya kaseti ya miaka ya 1990, na ukungu wa kaseti ukaficha mipaka ya picha za kompyuta. Huo ni ufundi. Tofauti yake ni video ya simu iliyopakwa mistari ya kaseti. Simu haichakai hivyo: gizani picha yake hujaa chembechembe na vipande vya mraba, lenzi huhangaika kutafuta kitu cha kulenga, mwanga hupanda na kushuka wenyewe. Anayekijua chombo chake hutumia kasoro za chombo hicho.

Watu waseme kama watu

Mtu wa Kamina aliyeshikwa na hofu hasemi kama mwigizaji wa runinga. Huanza kwa Kiswahili, huita kwa Kiluba, hutukana kwa Kifaransa. Mwongozaji Neill Blomkamp, katika filamu fupi Alive in Joburg ya mwaka 2005, alitumia majibu ya wakazi wa Johannesburg waliokuwa wakizungumzia wahamiaji Waafrika, yakasikika kana kwamba wanawasema viumbe wa angani. Nguvu ya filamu ile imetoka katika maneno hayo. Lakini ukitazama kazi ya namna hiyo, jiulize kama waliohojiwa walijua sauti zao zinakwenda wapi. Filamu inayowatumia majirani bila ridhaa yao, mimi siipi alama za juu hata ikitisha vipi.

Hukumu

Mkanda mzuri hukatika kwa sababu inayoonekana: betri, kadi iliyojaa, mkono ulioachia. Ukikatika kwa sababu mtunzi ameishiwa, utahisi. Itazame kazi mara mbili, na mara ya pili usitafute kutishwa, fuatilia mkono unaoshika kamera tu. Umaskini wa vifaa ukiwa sehemu ya hadithi, ni filamu. Ukiwa kisingizio, bado ni mazoezi.

Nanyi mnaotengeneza, tunzeni faili za asili. Mwongozaji Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala, alifuta zile za Who Killed Captain Alex? ili apate nafasi kwenye kompyuta ya kutengenezea kazi nyingine, na filamu hiyo ya mwaka 2010 ilibaki katika nakala ya DVD tu. Nunueni kadi ya pili kabla ya kununua taa.