Rubisi Huamuliwa Shimoni

Nimeonja bia za viwanda vidogo vya Nairobi na Dar es Salaam, vile ambavyo mwenye kiwanda hukujia mezani kukueleza shayiri yake imetoka wapi. Nyingi ni nzuri. Lakini nikiulizwa kiwanda kidogo ninachokipenda kuliko vyote, nitataja mtumbwi wa mti uliolazwa nyuma ya nyumba moja Kaniha, katika ukanda wa Biharamulo na Ngara mkoani Kagera. Hauna jina wala nembo, na kinachotoka ndani yake hakidumu hata siku tatu. Kinachotoka ni rubisi, pombe ya ndizi, ndugu wa urwarwa wa Burundi, urwagwa wa Rwanda na tonto ya Uganda.

Wanywaji wengi husifia rubisi kwa namna ilivyochachuka. Mimi nadhani wanaisifia hatua isiyo na kazi kubwa. Uchachu huchukua usiku mmoja tu, na muda huo ni mfupi mno kurekebisha kosa lolote lililotangulia. Rubisi nzuri huwa imekwisha kuamuliwa siku kadhaa kabla, kwenye shimo la kuivishia ndizi na kwenye ukamuaji.

Shimo

Kiwanda cha bia ya shayiri kina shughuli nzito kabla ya hamira kuguswa. Hamira haili wanga, inakula sukari. Kwa hiyo nafaka huoteshwa iwe kimea, hukaushwa, husagwa, kisha hulowekwa kwenye maji ya nyuzijoto 65 hivi ili vimeng'enya vya kimea viukatekate wanga.

Mtengenezaji wa rubisi anaipata sukari hiyo bila kuchemsha chochote. Nyama ya ndizi mbichi ina wanga wa kiasi cha asilimia 20 na sukari kidogo sana. Ikiiva barabara hesabu inapinduka: sukari hukaribia asilimia 20, na wanga hubaki asilimia moja au mbili. Vimeng'enya vya tunda lenyewe vimemaliza kazi. Ndiyo maana shimo linastahili heshima ambayo kiwandani hupewa mtungi wa kulowekea kimea.

Shimo huchimbwa, likawashwa moto wa majani makavu ya mgomba mpaka kuta zipate joto, kisha likatandikwa majani mabichi. Ndizi hupangwa, hufunikwa kwa majani mengine, na juu hutiwa udongo. Joto linaharakisha vimeng'enya, na moshi una kazi yake pia: majani yanayoungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya ethilini, ileile inayopulizwa kwenye vyumba vya kuivishia matunda ya biashara. Ndizi zenyewe nazo zinaitoa zikianza kuiva, na kwa kuwa zimefukiwa pamoja, moja inaivisha nyingine. Baada ya siku nne hadi sita, kutegemea baridi, mzigo wote huwa umeiva kwa pamoja. Wengine huzipanga darini juu ya jiko. Njia hiyo ni rahisi zaidi, lakini ndizi za karibu na moto hutangulia na za pembeni huchelewa.

Kuiva kwa pamoja ndiko kunakotafutwa. Ndizi iliyochelewa bado ina wanga, na wanga huo utaishia kuwa tope chini ya mtumbwi. Iliyopitiliza hulainika mpaka pektini yake ikawa utelezi, na utelezi hauachii maji. Mzee mwenye mtumbwi ule wa Kaniha hamalizi ukaguzi kwenye ganda. Humenya ndizi moja ya juu na nyingine ya chini kabisa ya shimo, huzibana kwa kidole gumba, kisha huzionja. Zikitofautiana, shimo linafunikwa tena na waliokuja kukamua wanarudi kesho.

Mbire, nyasi na miguu

Si kila ndizi inakamulika. Ponda ndizi ya kupika iliyoiva, utapata uji mzito. Watu wa Kagera wana kundi la ndizi za pombe, mbire, ambazo ukizitafuna mbichi zinakaza ulimi kwa uchungu. Uchungu huo ni tanini. Ndizi ikipondwa, tanini hushikamana na protini na chembechembe nyingine za nyama yake, uzito unajikusanya upande mmoja na maji yanajitenga. Mbire peke yake hutoa rubisi kali yenye ukakasi, kwa hiyo wakamuaji wengi huchanganya na ndizi tamu zaidi. Uwiano wa mchanganyiko huo ndio unaotofautisha rubisi ya boma moja na ya jirani yake.

Ndizi zilizomenywa humwagwa kwenye mtumbwi pamoja na mafungu ya nyasi ndefu ngumu, na wanaume huingia kuzikanyaga kwa miguu iliyooshwa. Nyasi zina kazi mbili. Kwanza zinakwaruza, kwa sababu ndizi laini hukimbia chini ya unyayo, na bila kitu cha kuishika ingeteleza tu bila kupasuka. Pili zinachuja: makapi hunasa kwenye majani na maji yanapita. Mguu nao una faida ambayo mashine ya kusaga haina. Unabana bila kukata, na makapi yakibaki mapande makubwa ni rahisi kuyatenga. Mwanzoni mtumbwi una kitu kama ugali wa njano. Ghafla povu jembamba linatokea pembeni mwa nyayo, maji ya rangi ya asali yanachuruzika kuelekea upande ulioinama, na wakanyagaji wanaongeza kasi.

Maji hayo ya mwanzo ni matamu mno, na watoto huyasubiri kwa vikombe. Kisha makapi huoshwa kwa maji ya kawaida ili sukari iliyobaki itoke, na hapa ndipo nguvu ya pombe inapopangwa. Fanya hesabu: juisi yenye sukari ya asilimia 20 ikichanganywa na maji nusu kwa nusu, inabaki na asilimia 10. Hamira hugeuza takriban nusu ya uzito wa sukari kuwa kilevi, kwa hiyo kiwango cha juu kabisa kitakuwa asilimia sita na ushei kwa ujazo. Ukitia maji mara mbili ya juisi, hufiki asilimia tano hata hamira ifanye kazi bila kosa. Mnywaji anayelalamika kwamba rubisi ya leo haina nguvu angeuliza ndoo za maji zilikuwa ngapi.

Mtama

Mtama mwekundu hukaangwa, husagwa kwa ukali na kumwagwa juu ya juisi. Wengi huamini ndio unaoleta kilevi. Kwa sukari, mchango wake ni mdogo: mtama uliokaangwa vimeng'enya vyake vimekufa, na wanga wake hauna wa kuugeuza. Unacholeta ni virutubisho vya hamira, hasa naitrojeni ambayo juisi ya ndizi inayo kidogo, pamoja na rangi ya udongo, harufu ya kukaangwa na ukakasi unaozuia utamu usichoshe. Ukiungua unaleta uchungu wa mkaa, na hakuna usiku utakaouondoa.

Hamira yenyewe inatoka wapi, ikiwa hakuna anayeinunua? Inatoka kwenye maganda, kwenye nyasi, mikononi, na zaidi ya yote kwenye mbao za mtumbwi. Nyufa ndogo za mti uliotumika kukamulia kwa miaka huhifadhi vijidudu vya uchachu uliopita. Mtumbwi mpya huanza kwa kusuasua, wa zamani huamka haraka. Ubelgiji, watengenezaji wa bia ya lambic karibu na Brussels hutegemea vijidudu vya aina hiyo vya hewani na vya mapipa, ila wao husubiri miezi au miaka.

Usiku mmoja

Mtumbwi hufunikwa majani ya mgomba mazito kuzuia baridi ya usiku. Ndani, hamira na bakteria wa asidi ya laktiki wanashindania sukari ileile. Hamira inatoa kilevi na gesi, bakteria wanatoa ukali wa maziwa mgando. Alfajiri gesi imeunyanyua mtama juu kama zulia lenye nyufa, na povu linachemka kwenye nyufa hizo. Rubisi iliyokaa saa kumi na mbili bado ni tamu, na iliyokaa saa ishirini na nne ni kavu na kali. Zaidi ya hapo bakteria wa siki wanachukua usukani.

Hilo linaeleza pia kwa nini haisafiri. Mbege, pombe ya ndizi ya Uchaga, hutumia ndizi zilizochemshwa pamoja na kimea cha ulezi, na uchungu wa magome ya msesewe. Juisi ya rubisi haipiti motoni kabisa, kwa hiyo kila kilichoingia kikiwa hai kinabaki hai. Kuifunga chupani kunataka kuichuja na kuichemsha, kama inavyofanywa kwa pombe za ndizi za viwandani. Unapata kinywaji kinachodumu, na unapoteza povu na ule ukali mchanga uliotutoa nyumbani.

Kama halmashauri au mfadhili anataka kuwasaidia wakamuaji, asianze na chupa na lebo. Aanze na maji ya kuoshea makapi, kwani yanaingia kwenye pombe bila kuchemshwa baadaye: yakichemshwa na kupoozwa kabla, hatari kubwa ya kiafya inapungua na ladha haiguswi. Kisha aende shambani. Tangu mnyauko bakteria ulipogundulika Kagera mwaka 2006, migomba mingi imeng'olewa, na wadudu wanaotembelea ua dume ni miongoni mwa wanaoueneza. Kuondoa ua hilo kwa kijiti chenye panda mara tu vichane vinapokamilika, bila kugusa mgomba kwa panga, ni kazi ya dakika moja isiyo na gharama. Bila mbire hakuna cha kufukia shimoni, na hakuna hamira itakayotoa rubisi kutoka kwenye ndizi za kupika.