Maneno Yaliyochakaa Katika Kamusi ya 1939: Usomaji Kutoka Goma

Kamusi Sanifu ya Kiswahili-Kiingereza iliyohaririwa na Frederick Johnson ilitolewa mwaka 1939, nayo ilijengwa juu ya kazi ya A. C. Madan ya mwaka 1903. Wakosoaji wengi wameshatazama vidahizo vyake vya Kiswahili ambavyo havisikiki tena. Upande wa pili, yaani wa Kiingereza kinachotumiwa kufasili, haujatazamwa vya kutosha. Udhaifu wa upande huo hudhihirika zaidi kamusi inaposomwa mbali na pwani, kwa mfano Goma, Kivu ya Kaskazini, ambako lugha ya shule ni Kifaransa.

Chukua kidahizo "pesa". Fasili yake ya zamani ni "pice", sarafu ndogo ya shaba ambayo 64 kati yake zilifanya rupia moja. India iliacha hesabu hiyo mwaka 1957. Hivyo mwanafunzi anayefungua kamusi kutafuta maana huondoka na neno jingine la kutafutia maana. Ndivyo ilivyo pia kwa "dhiraa" inayofasiliwa kuwa "cubit", na "pima" inayofasiliwa kuwa "fathom". Fasili inapochakaa kuliko neno linalofasiliwa, kamusi huwa imegeuza kazi yake. Wakati huohuo mwenyeji wa Goma husema "feza" au "franga", na maneno hayo mawili yanasimulia historia ya fedha za Kongo ambayo rupia haiwezi kuisimulia.

Mfano mzito zaidi ni "mwungwana". Kwa Kiingereza amefasiliwa kuwa mtu huru, asiye mtumwa, kisha "gentleman". Neno hili la mwisho nalo limehama: zamani lilimhusu mtu wa ukoo bora, leo humhusu yeyote mwenye adabu. Lakini katika Kongo ya Mashariki, Wangwana walikuwa wafuasi wa wafanyabiashara wa pwani kama Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ambao ngome zao zilikuwa Nyangwe na Kasongo. Wengi wa wafuasi hao walikuwa watumwa au watu waliotoka utumwani. Kilichowafanya Wangwana ni mavazi, mwenendo na lugha, wala si kuzaliwa huru. Kutoka kwao likapatikana jina Kingwana, ambalo John Whitehead na L. F. Whitehead walilitumia katika mwongozo wao wa mwaka 1928. Kwa hiyo msomaji wa Goma anayeishika fasili ya pwani peke yake hataelewa jinsi lugha ya watu wasiokuwa huru ilivyoweza kuitwa lugha ya waungwana.

Si haki kumlaumu Johnson kwa yote. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilihudumia Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Hata hivyo, kamusi ya Charles Sacleux, iliyoanza kutolewa Paris mwaka uleule wa 1939, ilionyesha njia nyingine kwa kutaja lahaja ambamo neno linatumika. Isitoshe, fasili zake ni za Kifaransa.

Hoja hapa si kwamba maneno ya kale yafutwe. Aliyefuta "pesa" ya shaba atakuwa amefuta ushahidi wa biashara ya Bahari ya Hindi. Kinachotakiwa ni kila maana ipewe wakati wake na mahali pake. Kamusi isiyofanya hivyo humfundisha mwanafunzi kwamba neno lililokufa Unguja ni Kiswahili safi, na neno lililo hai Goma, kama "chukudu", ile baiskeli ya mbao inayobeba viazi na makaa kuingia mjini, ni kosa.

Jambo hili lina uzito wake. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na mwaka 2022 nchi hiyo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mamilioni ya wasemaji hawawezi kuendelea kupimwa kwa kipimo ambacho hata Waingereza wenyewe wameshakiweka kando. Wanaleksikografia wa Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar hawana budi kwenda Goma kusikiliza kabla ya kusahihisha.