Better Call Saul: Msimu Uliojengwa kwa Kuondoa

Tamthilia inayosimulia yaliyotangulia hadithi nyingine inazaliwa na kasoro: mtazamaji anajua mapema nani atabaki hai. Waliokwisha kuiona Breaking Bad walijua tangu Februari 2015, Better Call Saul ilipoanza kurushwa na AMC, kwamba wakili Jimmy McGill hatauawa na magenge ya dawa za kulevya. Lazima aishi, kwa sababu ndiye atakayekuja kuwa Saul Goodman, wakili wa Walter White, mhusika mkuu wa Breaking Bad. Mike na Gus, ambao pia wamo katika Breaking Bad, nao hawafi. Sasa hofu itoke wapi? Vince Gilligan na Peter Gould, waliobuni tamthilia hii, walitumia misimu mitano kuihamisha hofu kutoka mwilini kwenda moyoni. Tuliacha kujiuliza kama Jimmy atapona, tukaanza kujiuliza atabaki na nini cha kibinadamu. Msimu wa 6, uliorushwa kati ya Aprili 18 na Agosti 15, 2022 katika sehemu 13, ndio uliobeba deni la kujibu. Ukiutazama kwa jicho la ufundi utagundua kwamba karibu kila uamuzi wake mkubwa ni uamuzi wa kuondoa kitu: rangi, sauti, miaka mizima.

Anza na rangi. Misimu yote iliyotangulia ilifunguliwa kwa picha nyeusi na nyeupe za Gene Takavic, jina alilojifichia Saul baada ya matukio ya Breaking Bad, akiuza mikate ya mdalasini ndani ya jengo la maduka huko Omaha, Nebraska. Msimu wa 6 ukafungua kwa tai za shingoni zinazoanguka. Mwanzoni hazina rangi, na mtazamaji anajiandaa kurudi Omaha. Kisha rangi zinaingia, nyingi hadi zinachosha macho, na tunatambua tumo ndani ya jumba la Saul, maofisa wakibeba kila kilichomo. Hakuna anayetueleza lolote. Mwishoni kizibo cha chupa ya tequila kinaanguka mtaroni, na aliyefuatilia tangu msimu wa 2 anakumbuka usiku Jimmy na Kim Wexler, wakili mwenzake na mpenzi wake, walipomlaghai jamaa mmoja mwenye majivuno na kuinywa tequila hiyo kwa gharama yake. Kim hatajwi hata mara moja, lakini kizibo kimeshatuambia kwamba huko mbele mwanamke huyu hayupo, na kwamba Saul hakuweza kumtupa.

Sehemu saba za kwanza zinakwenda kwa njia mbili. Upande mmoja Jimmy na Kim wanapanga kumchafulia jina wakili Howard Hamlin aonekane mtumiaji wa kokeini, na hadithi hiyo inapigwa picha kama vichekesho: miondoko ya haraka, mavazi ya kujibadilisha, muziki mwepesi. Upande wa pili ni magenge, jangwa na ukimya. Kwa miaka mingi tamthilia ilizitenga dunia hizi mbili kiasi kwamba baadhi ya watazamaji walilalamika ni kama wanatazama vipindi viwili tofauti. Sehemu ya 7, iliyoandikwa na kuongozwa na Thomas Schnauz, inaonyesha kwa nini zilitengwa. Howard amesimama sebuleni kwa Jimmy na Kim, anawaambia ukweli kuhusu walivyo. Mwali wa mshumaa unayumba. Lalo Salamanca, mtu wa magenge, ameingia. Howard hamjui mtu huyu, anaendelea kuzungumza kwa adabu ya ofisini, wakati nyuso za Jimmy na Kim zimeshabadilika. Risasi moja inatosha. Hakuna muziki wa kututahadharisha. Onyo pekee tulilopewa ni ule mwali. Dunia ya vichekesho imekutana na dunia ya mauaji ndani ya fremu moja, na anayekufa ndiye asiyekuwa na hatia katika zote mbili.

Wakati wa kupiga picha za msimu huu, Julai 2021, Bob Odenkirk alipata mshtuko wa moyo akiwa kazini Albuquerque, akarudi Septemba. Kazi ya kuunganisha kilichopigwa kabla na baada haionekani hata ukiitafuta, na hiyo ni sifa ya wahariri na wapambaji wa nyuso ambao majina yao watu wachache huyasoma.

Mkato ninaouona kuwa bora kuliko yote katika tamthilia nzima umo katika sehemu ya 9, iliyoandikwa na Ann Cherkis na kuongozwa na Michael Morris. Kim ameacha uwakili. Anamwambia Jimmy kwamba anampenda, lakini wakiwa pamoja wanageuka sumu kwa kila aliye karibu nao. Anaingia chumbani kufunga mizigo. Jimmy amesimama. Halafu, pasipo picha kufifia wala maandishi ya kutaja mwaka, Saul Goodman anaamka katika jumba lake pembeni ya mwanamke wa kulipwa, nywele zimepungua, simu iko sikioni, mdomo haukomi. Miaka imekwenda. Kwa misimu mitano na nusu tulisubiri kuona siku Jimmy atakapogeuka Saul, na waandishi wakaitoa siku hiyo kabisa. Uamuzi huu ulihitaji ujasiri. Mwandishi mwingine angetupa machozi, ulevi, kioo kinachovunjwa. Hapa tunapewa pengo, na mtazamaji analazimika kulijaza kwa kujiuliza mtu anahitaji kelele kiasi gani ili asisikie chumba alichoachwa ndani yake. Saul mzima, pamoja na suti zake na matangazo yake, anasomeka upya kama kidonda kilichofunikwa.

Kuanzia sehemu ya 10 tuko Omaha, na rangi imeondoka kwa muda mrefu kuliko wakati wowote. Hapa wapiga picha, wakiongozwa na Marshall Adams, walikuwa na kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Kwenye picha ya rangi, shati jekundu linajitenga na ukuta wa kijani bila jitihada. Ukiondoa rangi, vyote viwili vinaweza kuangukia kijivu kilekile, na mhusika akazama ukutani. Kwa hiyo kila kitu kinabebwa na mwanga: taa ya nyuma inayochora ukingo wa nywele na mabega, kivuli kinachokata uso, nguo zilizochaguliwa kwa uzito wa weusi wake. Lakini kilichonivutia zaidi ni Florida, anakoishi Kim akifanya kazi katika kampuni ya vifaa vya kumwagilia bustani. Florida ni nchi ya jua, na wangeweza kuirudishia rangi. Hawakufanya hivyo. Mwanga umesambaa kila mahali, hakuna kona yenye giza la kuvutia, na mazungumzo yote ni ya mambo madogo ya chakula na kazi. Gene anajificha gizani. Kim amejificha mahali pasipo na kivuli.

Simu kati ya wawili hao ndiyo somo lenyewe la ufundi. Katika sehemu ya 11 tunamwona Gene ndani ya kibanda cha simu kandokando ya barabara. Kamera imebaki nje. Magari yanapita, mdomo unatembea, mikono inarushwa, kisha anaipigapiga simu na kuvunja kioo kwa mateke. Maneno hatuyasikii. Tunabaki na hasira isiyo na sababu, na sehemu nzima inapozidi kumzamisha katika wizi, tunabuni wenyewe kilichosemwa. Sehemu ya 12, ambayo Gilligan aliiandika na kuiongoza, inairudia simu hiyohiyo kutoka mezani kwa Kim. Sasa sauti ipo yote, na tunagundua kwamba Kim hakumtukana. Karibu muda wote alinyamaza, kisha akamwambia ajisalimishe. Yale mateke yalikuwa jibu kwa mtu aliyemtakia mema. Gilligan angeweza kuionyesha simu nzima mara moja na hadithi ingeeleweka, lakini mtazamaji asingepitia ile hali ya kumhukumu mtu kwanza na kusikia baadaye.

Katika sehemu hiyohiyo Kim anarudi Albuquerque kukiri alichomtendea Howard, na akiwa ndani ya basi la uwanja wa ndege analia. Kamera inamkazia na haikatishi. Rhea Seehorn anaanza kwa kujizuia, anashindwa, anashindwa zaidi, mpaka mkono wa abiria asiyemjua unamgusa. Mhariri mwoga angekata mapema.

Kanuni ya rangi inavunjwa mahali pachache sana. Tangu sehemu ya kwanza kabisa, Gene alipotazama kanda za matangazo yake ya zamani, rangi ilionekana kwenye miwani yake tu; msimu huu inarudi hapohapo, mama mzee Marion, anayeigizwa na Carol Burnett, anapoyapata matangazo hayo kwenye kompyuta. Rangi, katika dunia hii, ilikuwa mali ya Saul. Sehemu ya mwisho, iliyoandikwa na kuongozwa na Gould, inamnyang'anya. Mahakamani amevaa suti yake ya kujionyesha, lakini ndani ya weusi na weupe suti haina la kusema. Silaha aliyoitegemea miaka yote imegeuka kijivu kama ukuta. Amebaki na uso na sauti. Alikuwa ameshajipatia makubaliano ya kifungo cha miaka 7 na nusu. Akikiri mbele ya Kim, na kudai aitwe James McGill, anaondoka na 86. Baadaye Kim anamtembelea gerezani, wanaegemea ukuta na kuvuta sigara moja kwa zamu kama walivyofanya kwenye maegesho ya magari katika sehemu ya kwanza kabisa ya tamthilia, na moto peke yake una rangi. Rangi imetoka kwa Saul, ikaenda kwa watu wawili waliosema kweli.

Pamoja na heshima yote niliyo nayo kwa kazi hii, kurudi kwa Walter White na mwenzake Jesse Pinkman katika sehemu ya 11 sikukukubali. Jesse ana thamani anapokutana na Kim usiku wa mvua katika sehemu ya 12, kwa sababu pale tunaiona hadithi ya Breaking Bad kwa macho ya mwanamke anayeondoka. Walter wa kwenye handaki katika sehemu ya mwisho naye ana kazi: anamuumbua Saul anaposhindwa kutaja juto la kweli. Lakini mazungumzo yao ndani ya gari la kupikia dawa yanarudia tunachokijua, yanakuja kama zawadi kwa mashabiki, na yanatueleza jinsi Saul alivyomchagua Walter wakati ule mkato wa sehemu ya 9 ulikuwa umeshatueleza ni mtu wa aina gani angefanya uchaguzi huo.