Kiungo Kilichojificha Tumboni mwa Birika

Ukishuka kwa pikipiki kutoka Kwamkoro, kwenye mashamba yetu ya chai, ukapita Amani kuelekea Sigi na Muheza, mwili unakueleza jambo ambalo macho yanalikosa. Kuna kona ambayo dereva anaikata taratibu, anazidisha, kisha anaachia. Kuna nyingine inayokudaka ghafla ukitoka kwenye mnyooko, hadi abiria wa nyuma anakubana mbavu. Zichore karatasini: zote laini, hakuna yenye pembe.

Wanaochora maumbo kwa kompyuta wanahangaika na tofauti hiyo kila siku. Vipande viwili vya uso vikigusana bila ufa, hiyo ni G0. Vikigusana na kuelekea upande mmoja pale kwenye kiungo, ni G1. G2 inadai zaidi: ukali wa mpindo nao uwe sawa kila upande wa kiungo.

Mfano ninaoupenda ni birika, na kwa anayeishi katikati ya mashamba ya chai sioni ulio bora. Mwaka 1975 Martin Newell wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, alihitaji umbo la kujaribia programu za picha. Mkewe, Sandra, akapendekeza birika lao la chai. Newell akalichora kwa mkono kwenye karatasi ya grafu, akaligawa katika vipande 28 vya Bézier, vilivyopewa jina la mhandisi wa Renault; umbo la kila kipande huvutwa na pointi zake za udhibiti. Vinne vya kitako viliongezwa baadaye. Mkono na mdomo vimechomekwa tu tumboni, bila kulainishwa. Namba zake zinatumika hadi leo, nami nimezipigia hesabu.

Anza juu. Ukingo unaungana na tumbo kwenye pointi iliyo 1.5 kutoka katikati na 2.4 kwa kimo. Pointi ya udhibiti iliyotangulia iko 0.0625 ndani na 0.13125 juu yake. Inayofuata iko 0.25 nje na 0.525 chini. Gawanya kimo kwa upana: pande zote unapata 2.1. Zimelala kwenye mstari mmoja, G1 imetimia. Lakini ukingo unafika hapo na mpindo wa karibu 2.85, yaani kona yenye nusu kipenyo cha 0.35, ilhali pointi tatu za kwanza za tumbo zimenyooka kama rula: mpindo sifuri. Ndiyo ile kona ya kumbana mtu mbavu.

Pale ukingoni haidhuru, kwa sababu jicho linatarajia mkunjo. Tumboni ndiko kwenye kazi. Kwenye kimo cha 0.9, birika lilipo pana kuliko kote, vipande viwili vinakutana wima, na pointi za udhibiti ziko 0.45 juu na 0.45 chini. Sawa kabisa kwa macho. Ila mpindo wa juu ni 0.82 na wa chini 1.65, mara mbili kamili. Ukiumulika uso huo kwa mistari ya pundamilia, yaani michirizi myeusi na myeupe inayoakisiwa juu yake, mistari haikatiki, lakini inapiga kiwiko kwenye kimo hichohicho.

Nilianza kwa kuisogeza nje pointi ya pili chini ya kiungo, kutoka 1.5 hadi 1.75. Mpindo ukalingana, kiwiko kikatoweka. Kumbe nimeharibu chini: kipande kilichokuwa kikishukia kitako wima sasa kinafika kimeinama, na kiungo cha kitako kimepoteza hata G1.

Nikairudisha, nikaigusa ile ya kwanza. Mpindo mwanzoni mwa kipande hupungua kwa mraba wa umbali wa pointi hiyo kutoka kwenye kiungo, kwa hiyo ili uwe nusu, umbali uzidishwe kwa kipeuo cha pili cha 2: 0.45 iwe 0.636. Safu nzima ya pointi zilizokuwa kwenye kimo cha 0.45 ikashuka hadi 0.264. Upana haukuguswa, kitako hakikuguswa, wala mpindo wake. Tumbo limejaa kidogo kwa chini, na mistari ya pundamilia inapita 0.9 bila kuonyesha kwamba pana kiungo.