Istilahi za Injini ya Skuta: Uhakiki wa Mswada Mmoja wa Tafsiri

Miongoni mwa miswada tuliyoletewa tuipitie umo mwongozo wa kufufua injini za Vespa za zamani, uliofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya wanafunzi wa ufundi. Huenda msomaji akauliza skuta kuukuu inahusu nini kazi ya istilahi. Jawabu letu ni kwamba chombo hiki, kilichobuniwa na mhandisi Corradino D'Ascanio na kuanza kuundwa na Piaggio huko Pontedera, Italia, mwaka 1946, kimekaa kwetu, hasa Unguja, muda mrefu hata jina lake likawa nomino ya kawaida. Lugha ya kukitengeneza ilikwisha kukomaa gereji kabla mfasiri hajaketi mezani. Hapo ndipo penye mtihani.

Kwanza tutaje mema. Mfasiri ameyahifadhi maneno pistoni, silinda, ringi, plagi, kabureta na klachi, wala hakujisumbua kuyatungia mengine ambayo hapana fundi angeyafahamu. Aidha ameandika "injini ya mipigo miwili". Neno la Kiingereza analofasiri hapo hutumika pia kwa maradhi ya kupooza, na mwenye kutegemea kamusi peke yake angeweza kuandika "viharusi viwili". Yeye hakuteleza.

Kasoro ya kwanza imo katika sura ya ulainishaji. Mswada unasema: "Tia oili ya injini kiasi kinachotakiwa." Kwa sarufi, sentensi hii haina ila. Lakini dereva wa Kiswahili amezoea motokaa, na kwake kutia oili ya injini ni kufungua kizibo na kumimina. Vespa hizi, isipokuwa zile zilizofungwa pampu ya oili, hazilainishwi hivyo. Oili ya kulainisha pistoni huchanganywa na petroli ndani ya tangi: kwa aina ya PX, iliyotoka mwaka 1977, ni asilimia 2, yaani mililita 100 kwa lita 5 za petroli. Kizibo kilichoko kwenye injini ni cha giaboksi, ambayo hupokea mililita 250 za oili yake yenyewe. Mwanafunzi atakayeutii mswada huu ataijaza giaboksi na kuiendesha pistoni kwa petroli tupu. Haitachukua muda pistoni itavimba kwa joto, ichune ukuta wa silinda, kisha ishikamane nao.

Msiba huo gereji huitwa kunoki, na hapo twaingia katika kasoro ya pili, ambayo ni kubwa zaidi. Neno kunoki limetoka katika neno la Kiingereza lenye maana ya kugonga. Waingereza hulitumia kwa mlio mkali unaosikika mchanganyiko wa petroli unapowaka ovyo ndani ya silinda. Lilipofika kwa mafundi wetu lilihama maana: injini iliyonoki ni injini iliyokwama, haizunguki tena. Mfasiri ameufuata mfanano wa sauti, naye ameandika: "Injini ikinoki, punguza mafuta uendelee taratibu." Kwa mlio wa kugonga, shauri hilo linafaa. Kwa injini iliyokwama njiani ni hatari kubwa, kwa sababu gurudumu la nyuma huweza kufunga na kuburuzwa, na jambo la kwanza linalompasa dereva ni kushika klachi mara moja. Neno hapa si pambo la ukurasa. Ndilo linalouongoza mkono wa kushoto wa dereva.

Kasoro ya tatu ni ndogo, nasi twaitaja ili isichanganywe na hizo mbili. Katika sura ya kuiongezea injini nguvu, vali yenye kibamba chembamba kinachofunguka na kufunga njia ya petroli na hewa imeitwa "vali ya mwanzi". Hapana mwanzi ndani ya injini. Tungependelea "vali ya kilimi", kwa kuwa umbo na mwendo wa kibamba hicho ni wa ulimi mdogo. Hata hivyo, kosa hili litamfanya fundi acheke tu, halitaharibu chombo.

Wapo watakaosema kwamba kunoki ni neno la mitaani lisilostahili kuingia katika orodha zetu. Sisi hatukubaliani nao. Neno likikataliwa halifi. Hubaki gereji na maana yake, na mfasiri asiyeijua maana hiyo huja kulikanyaga gizani, kama ilivyotokea hapa. Kwa hiyo twapendekeza kugonga kwa mlio, na kukwama kwa pistoni kwa msiba wenyewe. Tena kunoki liorodheshwe waziwazi kuwa kisawe cha kukwama, pamoja na onyo kwa mfasiri. Kwa ulainishaji twapendekeza oili ya mchanganyiko na oili ya giaboksi, na "oili ya injini" isitumike kabisa katika miongozo ya mipigo miwili.

Silinda ya PX 150 ina kipenyo cha milimita 57.8. Ikichunwa, fundi huweza kuichonga ipanuke kidogo na kuitilia pistoni kubwa zaidi. Lakini haiwezi kupanuliwa daima, na kila kosa hula chuma kisichorudi. Tafsiri nayo hupimwa hivyo. Kabla mswada haujapigwa chapa, hapana budi usomwe kwa sauti mbele ya fundi aliyeshika spana, na mfasiri atazame mkono wa fundi unaelekea wapi. Walimu wa ufundi wenye maneno yanayopingana na haya twawaomba watuletee, pamoja na maelezo ya namna yanavyotumika kwao.