Sherehe Kabla ya Shairi

Wasomaji wa diwani zetu wanaijua sherehe. Sikusudii ile ya ngoma na pilau, bali ile ya maandishi madogo yaliyopangwa chini ya ukurasa au mwishoni mwa kitabu, inayotufahamisha kwamba neno fulani ni la Kiamu, kwamba mshairi amelifupisha jina kwa ajili ya mizani, kwamba ubeti huu unamjibu mtu aliyekwisha kufa. Mahali pake pamechaguliwa kwa hekima. Shairi hutangulia, sherehe hufuata, na jicho la msomaji ndilo linaloamua lini literemke chini. Mhariri anayeanza kwa kueleza fumbo la ubeti wa mwisho kabla hatujausoma wa kwanza hatumsifu kwa elimu yake. Tunaona ametunyang'anya kitu.

Katika makala haya nataka kuizungumza sherehe ya aina nyingine, inayosikika badala ya kusomwa: sauti ya mtunzi iliyorekodiwa juu ya tamthilia ya televisheni na kutiwa katika diski moja na tamthilia yenyewe. Mtazamaji hubonyeza kitufe, mazungumzo ya wahusika yakafifia, na juu yake ikaja sauti ya mtu aliyeiandika kazi, akieleza kwa nini mlango ule ulipakwa rangi nyekundu na kwa nini mwigizaji yule alisita kabla ya kujibu. Ni elimu adimu. Sijui ni malenga gani wa zamani tusingetamani kumsikia akizungumza hivyo juu ya beti zake. Lakini ni sherehe isiyokaa chini ya ukurasa. Hupita sambamba na matini, pumzi kwa pumzi, na msemaji wake aghalabu amekwisha kufika mwisho wa safari ambayo sisi ndiyo kwanza tunafunga mizigo.

Desturi hii ilianza na filamu. Mwaka 1984 kampuni ya Criterion ya Marekani ilitoa diski kubwa ya leza ya King Kong, filamu ya mwaka 1933, na Ronald Haver, mhifadhi wa filamu katika jumba la makumbusho ya sanaa la Los Angeles, akaongea mwanzo hadi mwisho katika njia ya pili ya sauti. Hapakuwa na madhara. Anayenunua filamu yenye umri wa miaka 51 ili amsikilize mhifadhi akiichambua, bila shaka anajua nyani yule anaishia wapi. DVD ilipoingia madukani, Japani mwaka 1996 na Marekani mwaka 1997, ikiwa na nafasi ya njia nane za sauti, desturi ikawa ada. Tatizo lilizuka pale tamthilia za mfululizo zilipoanza kuuzwa msimu mzima kwa pamoja. Filamu ni saa mbili, na mtu huimaliza kwa kikao kimoja kisha akairudia kwa sherehe. Msimu wa tamthilia ni sehemu 22, pengine miezi ya kutazama, na sherehe imebandikwa juu ya sehemu ya kumi na tatu.

Mfano ninaouona bora kuliko yote ni Babylon 5, tamthilia ya Marekani iliyoandikwa na J. Michael Straczynski. Filamu yake ya utangulizi ilionyeshwa mwaka 1993, na misimu mitano ikafuata kuanzia 1994 hadi 1998: sehemu 110, na 92 kati ya hizo ziliandikwa kwa mkono wa mtu mmoja. Straczynski aliiwaza tangu mwanzo kama riwaya ya miaka mitano, yenye mwanzo, kati na mwisho, katika zama ambazo televisheni ya nchi ile ilipendelea visa vinavyofungwa ndani ya saa moja. Anayezipenda tenzi ndefu ataielewa mara moja. Neno lililodondoshwa msimu wa kwanza kama mzaha huokotwa msimu wa nne likiwa kisu.

Katika sehemu ya kwanza kabisa ya msimu wa kwanza, balozi Londo Mollari, mzee mcheshi mwenye nywele zilizosimama kama mkia wa tausi, anaeleza ndoto. Watu wa kabila lake huota namna watakavyokufa. Yeye ameota kwamba miaka ishirini mbele atakuwa mzee, na mikono yake imo shingoni mwa G'Kar, balozi wa taifa la mahasimu wao, na ya G'Kar imo shingoni mwake, kila mmoja akimkaba mwenziwe roho. Wala siitoboi siri yoyote ninapoyaandika haya, kwa kuwa mtunzi mwenyewe ameyaweka kizingitini, ambapo kila aingiaye atayakanyaga.

Hicho ndicho wahakiki wetu wanachokiita kionambele. Straczynski ametuambia mwisho wa watu wawili kabla hatujawajua majina sawasawa, na taharuki haikupungua hata chembe. Imezidi. Kwa miaka mitano kila tusi baina ya mabalozi hao, na kila tendo dogo la huruma, tunalitazama kupitia ndoto ile, tukijiuliza ni njia gani itakayowafikisha pale. Tulipewa tukio tukanyimwa maana. Picha ile ile inayoonekana siku ya kwanza kuwa ni chuki tupu, ina mengine ndani yake ambayo mtazamaji huyapata kwa jasho lake. Ni yapi, hapa si mahali pa kuyasema.

Kwa hiyo hoja kwamba kuujua mwisho daima huiharibu kazi haisimami, na sisi wa pwani tungekuwa wa mwisho kuishika. Waliokusanyika kusikiliza Chuo cha Tambuka, alichokitunga Mwengo bin Athumani huko Pate mwaka 1728, hawakuwa na shaka jeshi lipi litashinda. Hata wanasaikolojia wamelitafuta jambo hili kwa vipimo. Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld, wa Chuo Kikuu cha California mjini San Diego, waliwasomesha watu hadithi fupi 12, wengine wakipewa mwisho mapema, na waliopewa mwisho wakasema wamezifurahia zaidi. Miaka minne baadaye Benjamin Johnson na Judith Rosenbaum wakapata matokeo ya kinyume. Mimi naona tofauti haiko katika kujua au kutojua. Hadithi fupi humalizika kabla kahawa haijapoa. Mtu aliyeishi na Londo kwa sehemu 60 amewekeza kitu kingine kabisa, na kitu hicho hakipimwi kwa kurasa kumi.

Swali la haki ni hili: nani anayetoboa, na kwa ulimi gani? Anapotoboa Londo, anatoboa akiwa ndani ya kisa, kwa maneno yaliyopimwa, na mtunzi ameyajengea nyumba nzima juu yake. Anapotoboa Straczynski katika sherehe, anatoboa akiwa nje. Msimu wa kwanza ulitoka kwenye DVD mwaka 2002, miaka minne baada ya tamthilia kwisha, na aliyeketi mbele ya kipaza sauti ni mtu anayeijua kazi yote kama kiganja chake. Uso wa mhusika ukitokea, yeye hamwoni wa siku ile. Anamwona na yote yatakayomfika. Hawezi kufanya vingine, na wala simlaumu. Mwombe bibi akueleze utoto wa mwanawe bila kujua kwamba mwana huyo baadaye alisafiri asirudi.

Lawama naielekeza kwa waliopanga diski. Wameichukua sauti ya mtu aliyekwisha kumaliza wakaiweka mlangoni kwa mtu anayeanza, kitufe kando ya kitufe, kana kwamba ni suala la kuchagua lugha. Na si sherehe peke yake. Picha ya jalada, orodha ya majina ya sehemu, vipande vinavyozunguka nyuma ya menyu wakati mtu anatafuta pa kubonyeza, vyote aghalabu hupasua habari ya mbele, tena bila hata faida ya elimu. Katika vitendawili vyetu anayetega hungoja. Asiyeweza kujibu hutoa mji, na ndipo jibu likasemwa. Mwenye kutega na kutegua kwa pumzi moja huvunja mchezo wenyewe.

Zipo sherehe zisizo na dhara hili. The Simpsons ina sauti za watunzi juu ya karibu kila sehemu katika diski zake, na mtu anaweza kuzisikiliza apendavyo kwa sababu kisa cha leo hakimngoji wa kesho. Mfano wenye mafunzo zaidi ni Battlestar Galactica. Ronald D. Moore, mtunzi wake mkuu, alianza mwaka 2005 kurekodi maelezo ya kila sehemu kadiri zilivyokuwa zikionyeshwa, nyumbani kwake, mara nyingi barafu ikisikika ikigonga kwenye glasi. Maelezo hayo yalisambazwa kama podikasti, na baadhi yakaja kutiwa katika diski. Tamthilia ilimalizika mwaka 2009, na mambo mengi ya mwisho hakuwa ameyaamua alipokuwa akizungumza. Huwezi kutoboa usichokijua. Sherehe yake ni ya msafiri mwenza: unamsikia akisifu, akijuta, akihangaika na mhusika ambaye hajui amfanye nini. Ina upungufu pia, kwa kuwa hana umbali wa kuiona kazi yake nzima. Umbali huo Straczynski anao, na ndio unaompa thamani na hatari kwa wakati mmoja.

Msomaji wa Afrika Mashariki atakumbuka hapa sauti nyingine juu ya picha, ya wasimulizi wa vibanda vya video, mfano wa Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya, wanaoitafsiri filamu ya kigeni kwa Kiswahili huku wakiongeza chumvi yao. Nao husema juu ya kazi ya mtu. Lakini kazi yao ni kumfikisha mtazamaji kwenye kisa. Mwenye sherehe ya diski humchukulia kwamba amekwisha kufika.

Ushauri kwa mwenye diski mkononi ni mfupi. Tazama msimu mzima kwa sauti yake ya asili. Kwa kazi kama Babylon 5, tazama misimu yote mitano. Kisha rudi mwanzo na umruhusu mtunzi aseme. Utazamaji wa kwanza hauna rudufu, na wa pili unaweza kurudiwa mara mia, kwa hiyo ni haki ule wa kwanza ulindwe. Wala usidhani marudio ni makombo. Ndoto ya Londo haifunguki kikamilifu ila kwa anayeirudia, na hapo ndipo sauti ya mtunzi inapokuwa neema.

Aliyeazimia kuitazama tamthilia hii bila kujua lolote, hata habari za waigizaji wake, aiache makala hapa. Msimu wa pili ulianza na kamanda mpya wa kituo. Michael O'Hare, aliyeongoza msimu wa kwanza, alikuwa ameondoka, na kwa miaka mingi watu walibuni sababu zao. Straczynski aliijua ya kweli. Aliijua katika miaka yote aliyokuwa akirekodi sherehe za diski na kufafanua kila uzi wa msuko wake, na hakuitaja. O'Hare alifariki mwaka 2012, na mwaka 2013 ndipo mtunzi aliposimama mbele ya watu mjini Phoenix akasema kwamba mwigizaji wake alikuwa mgonjwa wa akili wakati wa msimu ule, akiona na kusikia yasiyokuwapo. Kwamba yeye alimwambia yuko tayari kuisimamisha kazi hadi apone. Na kwamba O'Hare alikataa, kwa kuwa wenzake wote wangepoteza riziki zao. Walikubaliana aondoke. Straczynski aliahidi kuitunza siri ile hadi kaburini mwake yeye mtunzi. O'Hare akamjibu kwamba hadi kaburini mwa O'Hare inatosha, kisha watu waambiwe, kwa kuwa huenda ikamfaa mwingine mwenye maradhi kama yake. Alipata nafuu ya kiasi akarejea katika msimu wa tatu, kwa sehemu mbili zilizofungamana. Anayezitazama leo huku akijua habari hii humwona mtu mwingine kabisa usoni mwa kamanda yule, na sherehe hiyo haimo ndani ya diski.