Peter Dickinson, fundi wa fumbo lisilodanganya

Katika riwaya za upelelezi, kosa lisilosameheka ni kumficha msomaji ushahidi. Muuaji akishafichuliwa, msomaji anapaswa kurudi nyuma akakuta kwamba kila dalili iliwekwa mbele ya macho yake tangu mwanzo. Peter Dickinson aliitii kanuni hiyo katika riwaya zake za watu wazima, na alipowaandikia watoto hakuilegeza hata kidogo. Hapo ndipo ulipo ubingwa wake.

Alizaliwa tarehe 16 Desemba 1927 mjini Livingstone, karibu na Maporomoko ya Victoria, wakati Zambia ikiitwa bado Rhodesia ya Kaskazini. Akiwa na miaka saba familia yake ilirejea Uingereza. Alisoma Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akafanya kazi miaka 17 katika jarida la Punch. Riwaya yake ya kwanza ya upelelezi ilimkwama njiani. Usiku mmoja aliota jinamizi, akaligeuza kuwa hadithi ya watoto, na kuiandika hadithi hiyo kukamfungulia njia ya kuimaliza ile iliyokwama. Vitabu vyote viwili, The Weathermonger na Skin Deep, vilitoka mwaka 1968, naye akiwa na miaka 40. Skin Deep ilimpatia tuzo ya Gold Dagger ya waandishi wa upelelezi wa Uingereza, na mwaka uliofuata akaitwaa tena. Baadaye akashinda nishani ya Carnegie, inayotolewa kwa vitabu vya watoto, kwa Tulku ya 1979 na City of Gold ya 1980.

Ukitaka kuuona ufundi wake kwa karibu, fungua Eva, riwaya ya 1988. Msichana wa miaka 13 anazinduka hospitalini baada ya ajali ya gari. Hawezi kusogea wala kusema. Amekuwa akiota miti, matawi na kurukaruka kati ya majani. Mama yake yupo kando ya kitanda, na sauti yake ina jambo inalozunguka. Hatimaye binti anajiona kwenye kioo, na anayemtazama kutoka humo ni sokwe. Mwili wake uliharibika kabisa, na madaktari wameyahamishia mawazo na kumbukumbu zake katika mwili wa sokwe aitwaye Kelly.

Mwandishi wa kawaida angetosheka na mshtuko huo. Dickinson anauliza swali la mpelelezi: kwa nini upasuaji huu umefaulu kwa Eva, ilhali wengine wanaofanyiwa baadaye wanashindwa? Jibu alikwisha kuliweka. Baba yake Eva ni mtafiti wa sokwe, na binti huyu alikua akicheza nao tangu utotoni. Anaweza kuukubali mwili wa sokwe kwa sababu hajawahi kuuogopa. Na ile miti ya ndotoni? Ni ya Kelly, aliyezaliwa kifungoni na hakuwahi kuuona msitu. Ndoto hiyo inatuambia mapema kwamba Kelly hakufutika, na kwamba Eva hataishi vizuri asipompa nafasi. Kila kinachofuata, hadi kisiwani ambako kitabu kinaishia, kinatokana na dalili hiyo. Kitabu kimetabarukiwa Jane Goodall, yule aliyewachunguza sokwe wa Gombe, Kigoma, kuanzia mwaka 1960.

Uaminifu huohuo umo katika AK, ya 1990. Paul ni askari mtoto katika nchi ya kubuni ya Kiafrika iitwayo Nagala. Vita vinapokwisha anaizika bunduki yake porini. Serikali inapopinduliwa na mlezi wake kukamatwa, anarudi kuifukua. Je, miaka ishirini baadaye nchi itakuwa na amani? Dickinson anaandika miisho miwili, mmoja wa amani na mwingine wa vita vinavyoendelea, kisha anaiacha yote miwili mbele ya msomaji. Kumpa mtoto faraja moja tu kungekuwa kumdanganya kuhusu jinsi vita vinavyofanya kazi.

Imani yake kwa watoto ilikuwa ya kweli. Mwaka 1970 aliandika makala ya kutetea haki ya mtoto kusoma hata vitabu ambavyo wakubwa wanaviona takataka, kwa kuwa mtoto hujifunza kuchambua kwa kusoma mengi. Aliandika vitabu vipatavyo hamsini, akafariki tarehe 16 Desemba 2015, siku aliyotimiza miaka 88.

Waandishi wetu wa hadithi za watoto, ambao mara nyingi huharakia funzo la mwisho, wana mengi ya kupata kwake. Isomeni Eva mara mbili: ya kwanza kwa ajili ya hadithi, ya pili kutazama dalili zilivyopangwa. Kisha mwandikieni mtoto kama msomaji anayestahili ushahidi wote.